Diani, Watamu au Paje: mgeni ahamie wapi, na Krismasi ataila na nani?

Ukiniuliza uhamie pwani gani, nitakuuliza kwanza Desemba unataka kuila na nani. Miezi mingine ya mwaka hujua kujificha. Mwezi wa tano mji wowote wa pwani ni mpole: nyumba tupu tele, mwenye duka anakuita kwa jina, na kila dalali atakuapia kwamba hivyo ndivyo kulivyo mwaka mzima. Desemba haina adabu hiyo. Bei, kelele, foleni, tangi la maji, majirani, upweke wa mtu aliye mbali na kwao, vyote hujitokeza kwa pamoja kuanzia katikati ya mwezi hadi mwaka mpya.

Nimechukua vijiji vitatu ambavyo wageni huvitaja zaidi wakishaamua kwamba wamechoka na baridi au na jiji: Diani kusini mwa Mombasa, Watamu karibu na Malindi, na Paje upande wa kusini mashariki mwa Unguja. Lamu nimeiacha makusudi, maana ina mambo yake. Kilifi itapita njiani tu.

Nikisema mgeni nina maana ya watu watatu tofauti. Yupo Mzungu aliyestaafu, au kijana wake anayefanya kazi kwa kompyuta na anahitaji intaneti tu. Yupo ndugu yetu aliyekaa ughaibuni miaka mingi na sasa anarudi na mume au mke wa huko. Na yupo mtu wa bara, wa Nairobi au Arusha, anayejiona mwenyeji mpaka siku anapofika akaitwa "mtu wa bara" na muuza samaki, kwa upole, huku akipandishiwa bei. Wote watatu ni wageni, ila hawastahili kijiji kimoja.

Kinachovitenganisha vijiji hivi si mchanga. Ni kwamba kila kimoja kina mwenye Desemba yake. Desemba ya Diani ni ya watu wa Nairobi. Ya Watamu ni ya Wataliano na familia za Wazungu zenye nyumba pale tangu zamani. Ya Paje haina mwenyewe: wageni wanasherehekea, wenyeji wako kazini, na sikukuu za kijiji ziko kwenye kalenda nyingine kabisa.

Upepo mmoja, maji tofauti

Kwa hali ya hewa hakuna wa kumcheka mwenzake. Vuli ikishakatika, kaskazi huanza kuvuma na hukaa mpaka Machi. Zamani ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba. Siku hizi hupokelewa na watu wenye tiara za kuteleza juu ya maji. Mikrismasi imewaka maua mekundu barabarani, embe ngowe na dodo zimejaa kwenye mabeseni, na joto ni lile la kukufanya uoge mara tatu. Anayetoka nchi za theluji hufurahia siku tatu za kwanza, ya nne analala kibarazani.

Tofauti iko kwenye maji kupwa na kujaa, na hapa ndipo picha za matangazo zinapodanganya. Paje maji yakipwa, hasa siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi ukiandama, bahari inakwenda zake. Utatembea kwa muda mrefu kabla hujapata maji ya kufika kiunoni, maana mwamba uko mbali. Kwa mtu wa tiara ni uwanja bora. Kwa mtu anayetaka kuogelea kila asubuhi saa moja kabla ya kazi ni mashaka, labda aishi kwa kalenda ya mwezi. Diani nayo hupwa, lakini ufuo wake mrefu huwa haukukoseshi mahali pa kujitosa. Watamu ina vighuba vyenye visiwa vidogo vya matumbawe, na maji yakipwa vinajitokeza vifungu vya mchanga mweupe ambavyo watu huvivukia kwa miguu au kwa mashua. Kimoja Wataliano walikiita Sardegna Due, jina likashika, na leo hata nahodha asiyejua Sardegna iko wapi hulitaja hivyo hivyo.

Diani: Krismasi ya Nairobi

Shule za Kenya zikifungwa, nusu ya Nairobi hushuka. Tiketi za treni ya Madaraka, ile ya SGR iliyoanza 2017, huisha mapema kwa wiki ya Krismasi, na ndege za kutua Ukunda hupanda bei. Zamani kikwazo kikubwa kilikuwa feri ya Likoni: familia nzima ndani ya gari, watoto wanalia, mama wa korosho anapita dirishani, na jua linawachoma wote sawa. Barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka nyuma ya Mombasa kupitia daraja refu la Mteza, imebadilisha hesabu hiyo. Mwenye gari sasa anaweza kutoka Mombasa hadi Kwale bila kugusa feri. Jambo zuri, ila limeleta magari zaidi.

Krismasi ya hapa ni ya familia na ya kelele. Muziki ni wa Nairobi, nyama choma ni ya Nairobi, lugha ya ufuoni ni Kiswahili kilichochanganywa na Sheng'. Nyumba za kupanga kwa usiku zinajaa binamu na mashemeji, wapishi wa kukodi wanachemsha wali wa nazi kwenye sufuria za harusi, na chapati, chakula cha Krismasi cha nyumba nyingi za bara, zinasukumwa hata kwenye joto hili. Makanisa ya Ukunda yanafurika usiku wa tarehe 24, na tarehe 31 kuna kesha.

Mgeni wa kigeni hapati tabu ya kualikwa. Wajerumani na Waswisi wamekuwa Diani kwa miongo, wengi wastaafu, na wana meza zao, mikate yao na ratiba zao. Lakini asipotaka meza hiyo, Diani ina watu wengi wa aina nyingi kiasi kwamba mtu mmoja zaidi haonekani. Kwa mtu anayekuja peke yake, hiyo ni faida kubwa. Kwa mtu aliyekuja kutafuta kijiji cha wavuvi, amekosea njia. Diani ni barabara moja ndefu yenye hoteli, maduka makubwa na tuktuk, na kijiji chenyewe kiko Ukunda, upande wa pili wa lami.

Kuna kitu kimoja cha Diani cha kuzoea, nacho ni nyani na jamaa zake. Mbega wa Angola, wale weusi wenye mabega meupe, bado wanaishi kwenye miti iliyobaki kando ya barabara, na shirika la Colobus Conservation limewafungia madaraja ya kamba juu ya lami wavuke bila kugongwa. Mbega hana shida na mtu, ni mla majani. Shida ni kima na tumbili. Weka keki ya Krismasi kibarazani, geuka kuchukua kisu, halafu uniambie umebaki na nini. Mpishi mzoefu wa Diani huanza na kufunga madirisha, ndipo awashe jiko.

Bichi boi, vijana wa ufuoni wanaokuuzia hili na lile, watakufuata Diani kuliko popote. Baada ya miezi michache wanakujua na wanakuacha, ila Desemba huja wapya wasiokujua, na unaanza upya.

Watamu: Krismasi ya Kitaliano

Wataliano walianza kuwa wengi upande wa Malindi miaka ya sitini, na sehemu ya kisa ni ya angani. Italia ilijenga kituo cha kurushia roketi baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, wakakiita San Marco. Chombo kimoja kilichorushwa pale tarehe 12 Desemba 1970 kilipewa jina la Uhuru, kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Wahandisi walirudi kwao wakasimulia, jamaa zao wakaja, wakajenga. Leo Malindi na Watamu muuza vinyago anakusalimu kwa Kitaliano kabla ya Kiswahili, na ukimjibu "salama" anashtuka kidogo.

Desemba yao ni ya mlo mrefu. Wanakuja kabla ya Krismasi, wengine wanabaki mpaka Machi, na kwa miezi hiyo Watamu ina jibini, kahawa na panettone, mkate wao mtamu wa Krismasi, kwenye rafu kama vile hizo ni bidhaa za Kilifi. Pamoja nao wapo Waingereza wa Kenya, familia ambazo babu alinunua kiwanja wakati hakuna aliyekitaka, na Desemba wajukuu wote wanakusanyika pale. Hawa wana desturi zao zilizoganda: chakula cha mchana cha Krismasi nyumba ile ile, uvuvi wa maji makuu siku ileile, kwa kuwa kaskazi ndio msimu wa sulisuli na nduaro.

Hapa ndipo ninapotaka mtu asikilize. Watamu inapendeza kuliko zote tatu, na ndiyo ngumu kuliko zote kuingia. Wanaokaa pale wanajuana. Watakusalimu vizuri, watakuonyesha fundi wa paa na daktari wa meno, lakini meza ya Krismasi imeshapangwa watu wake tangu kabla hujazaliwa. Mwaka wa kwanza utakula hotelini. Mwaka wa pili labda utaalikwa vinywaji. Mtu mwenye familia yake haoni shida, anabeba meza yake mwenyewe. Mtu pekee anaweza kujikuta tarehe 25 saa tisa mchana anatazama bahari nzuri mno bila mtu wa kumwambia.

Njia ya kuikwepa hali hiyo ipo, na inapitia kijijini. Watamu yenyewe ni mji wa wavuvi Waislamu na Wagiriama, na Krismasi ya Wagiriama Wakristo haina kadi ya mwaliko. Ukiwa na jirani, fundi au mlezi wa watoto unayeishi naye kwa heshima, utaitwa. Nenda na kilo za mchele na mafuta, usiende na chupa ya mvinyo. Mnazi utaukuta huko huko, na wazee watakufundisha kuunywa taratibu.

Kazi za kujitolea nazo hufungua milango. Hifadhi ya bahari ya Watamu ilianzishwa 1968, ikiwa pamoja na ya Malindi miongoni mwa za kwanza Afrika, na shirika la Local Ocean Conservation hulinda viota vya kasa na kuwatoa kasa walionaswa nyavuni kwa kushirikiana na wavuvi. Mtu anayejitokeza kuokota taka ufuoni au kuhesabu mayai anafahamiana na watu haraka kuliko anayezunguka baa. Ndiyo maana pia mwaka mpya wa Watamu haufai uwe wa fataki nyingi na taa za ufuoni. Mwanga humpoteza kasa. Wapo wanaojali hilo, na wapo wanaowasha hivyo hivyo.

Kama unataka muziki mpaka asubuhi, Kilifi haiko mbali, na tamasha la Beneath the Baobabs limekuwa likiwavuta vijana huko mwisho wa mwaka. Watamu wenyewe wengi hulala mapema kuliko wanavyokubali.

Paje: sikukuu ya mgeni, kazi ya mwenyeji

Zanzibar karibu watu wote ni Waislamu. Krismasi ni siku ya mapumziko kisheria, kama Tanzania nzima, lakini kijijini Paje haibadilishi chochote. Watoto hawavai nguo mpya. Hakuna mti. Mti ukiuona uko hotelini, wa plastiki, umefungwa kwenye nguzo usipeperushwe na kaskazi. Misa kubwa iko mjini, kwenye kanisa la Kianglikana la Mkunazini, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, au kwa Wakatoliki kwenye kanisa la Minara Miwili, Shangani. Kutoka Paje ni mwendo wa kilomita kama 50, kwa hiyo anayetaka misa ya usiku apange gari mapema na arudi akiwa amechoka.

Wanaoadhimisha Krismasi Paje ni makundi mawili. Wageni, wengi wao vijana wa tiara kutoka Ulaya, ambao walikimbia Krismasi ya kwao na sasa wanaifanya ufukweni wakiwa na kofia nyekundu. Na wafanyakazi wa hoteli kutoka bara, wa Moshi, Mwanza, Mbeya, ambao Krismasi kwao ndiyo siku yenye zamu ndefu kuliko zote. Nimekaa nao jikoni baada ya wageni kushiba. Wanakula pilau iliyobaki saa sita usiku, simu zimeegemezwa kwenye chupa za sosi, kila mmoja anaongea na mama yake. Kama wewe ni mtu wa bara unayehamia Paje, hao ndio jamaa zako wa Desemba, si wageni wa mbele.

Asubuhi ya tarehe 25, maji yakipwa, wanawake wa kijiji wanashuka na vijiti na kamba za tai-tai kufunga mwani kama siku yoyote. Kilimo hicho kiliingia Unguja mwishoni mwa miaka ya themanini na kikawapa wanawake wa pwani hii pesa ya mkononi mwao. Miezi hii ya joto ni migumu kwao: kotoni, mwani wenye bei nzuri, huoza maji yakipata moto, na wengi wamebaki na spinosi wenye bei ya chini. Juu ya vichwa vyao tiara zinapita. Mgeni mwenye adabu hupita mbali na kamba zao. Asiye na adabu hukata kamba, na kesho yake anashangaa kwa nini kijiji hakimsalimu.

Kwa maoni yangu Paje ndiyo rahisi kuliko zote kwa mtu asiyeipenda Krismasi, na nawajua wengi wa namna hiyo: waliofiwa, waliotalikiana, waliochoka na maswali ya mashangazi. Hakuna atakayekuuliza kwa nini uko peke yako. Mwaka mpya una muziki, ngoma na fataki kwenye hoteli, kisha inakuja sherehe ambayo mgeni hakuitarajia: Mapinduzi, tarehe 12 Januari. Hiyo ni ya kisiwa chenyewe. Kombe la Mapinduzi linachezwa, watu wanajazana kwenye runinga za vibandani, na mgeni aliyekosa kualikwa Krismasi anaweza kukaa benchi moja na kijiji kizima akishangilia mpira. Akijua timu moja mbili za Ligi Kuu ya bara, ameshapata marafiki.

Pombe ipo hotelini na kwenye baa zenye leseni, siyo dukani kwa jirani. Mwanzoni mwa 2024 leseni za waingizaji zilipobadilishwa, bia na mvinyo viliadimika kisiwa kizima wakati wa msimu, na bei zikaruka. Anayehesabu glasi ya mvinyo kama haki ya binadamu aende Watamu.

Kalenda inayokuja

Jambo ambalo dalali hatakutajia: Ramadhani hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, na sasa inaelekea msimu wenyewe wa wageni. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena siku za mwisho za Desemba. Kwa mtu anayetaka kuhamia, si kukaa wiki mbili, hili si la kupuuza.

Diani na Watamu hutalihisi sana. Migahawa ya watalii haifungi, ingawa mafundi na madereva wako watakuwa wamefunga na kazi itaisha mapema. Zanzibar mambo ni mengine: mchana huli wala hunywi hadharani, migahawa mingi ya kawaida imefungwa, na muziki unapungua. Hoteli zitawahudumia wageni wake ndani. Kwangu mimi Ramadhani ni wakati mzuri wa kuwa Unguja, hasa saa za magharibi jua likizama, harufu ya uji wa pilipili manga na vitumbua inapotoka kila mlango na jirani anatuma sahani iliyofunikwa. Lakini aliyefungua baa ya ufukweni kwa hesabu ya Krismasi na mwaka mpya atapaswa kuzipiga upya hesabu hizo kabla ya 2030.

Makaratasi

Nitapita haraka maana sheria hubadilika. Muulize wakili, si jirani wa Mzungu aliyefika mwaka jana.

Kenya, Katiba ya 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi moja kwa moja. Anapata ukodishaji usiozidi miaka 99. Mstaafu mwenye kipato chake cha nje huomba kibali cha daraja K, ambacho kinamtaka awe na umri wa miaka 35 au zaidi na asifanye kazi ya kuajiriwa. Mtalii wa nje ya Afrika hujisajili mtandaoni kabla ya kusafiri, mfumo ulioanza Januari 2024.

Zanzibar ardhi ni ya serikali na mgeni hukodishwa kwa njia ya uwekezaji, au hununua nyumba katika miradi iliyoruhusiwa. Mkataba wa mkononi na mwenye shamba la minazi, ulioshuhudiwa na sheha tu, yaani kiongozi wa mtaa, haukulindi, hata kama wote waliotia saini ni watu wema. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia hulipia pia bima ya lazima ya kisiwa, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima nyingine. Ukiwaalika wazazi na ndugu waje Krismasi, iweke kwenye hesabu yao.

Na mpangaji yeyote, Kenya au Zanzibar, asome mkataba wake akitafuta neno Desemba. Wenye nyumba wengi hukupa bei nzuri ya mwaka kisha wanakutaka utoke wiki za Krismasi wampangishe mgeni wa kulipa kwa usiku. Kama kipengele hicho kimo na wewe umeridhika, sawa. Kama hakimo, kiulizie kwa maandishi.

Umeme, maji na daktari

Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Desemba 2009 ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa 2013 na hali ikawa tofauti kabisa, ila anayekuambia huhitaji betri au jenereta Paje anakuuzia nyumba. Kenya umeme nao hukatika Desemba, viyoyozi vyote vikiwashwa kwa pamoja. Tofauti ni kwamba unarudi kabla samaki hawajaharibika, mara nyingi.

Maji: Watamu na Malindi hutegemea mitambo ya Baricho kwenye mto Sabaki, na mfereji ukikauka unaita boza la maji. Diani visima vingi, vingine vina chumvi. Paje vilevile. Onja maji kabla ya kupanga, na pikia chai hapo hapo mbele ya mwenye nyumba.

Kwa hospitali Diani inashinda bila ubishi. Ina hospitali zake binafsi, na Mombasa yenye madaktari bingwa iko karibu. Watamu unakwenda Malindi, na kwa jambo kubwa unashuka Mombasa kupitia Kilifi na Mtwapa, ambapo foleni ya Desemba haijali king'ora. Paje kuna kliniki za majeraha ya matumbawe na homa. Zaidi ya hapo ni mjini, Mnazi Mmoja au hospitali binafsi, na kwa makubwa kabisa ni ndege hadi Dar es Salaam au Nairobi. Mwenye moyo mbovu, mwenye mimba ya miezi ya mwisho au mwenye mzazi mzee asiihesabu Paje, hata kama ameshaipenda.

Nani aende wapi

Mstaafu, mmoja au wawili, wenye dawa za kila siku: Diani. Watapata daktari, watapata Krismasi yenye watu, na wakichoka na Nairobi watafunga geti wiki mbili.

Familia yenye watoto wadogo na uwezo: Watamu, kwa ajili ya maji yake na utulivu, mradi wasiwafungie watoto ndani ya kundi moja la wenye nyumba. Magofu ya Gede yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia 2024 na msitu wa Arabuko-Sokoke viko jirani kabisa, kwa hiyo hata Desemba yenye wageni wengi kuna pa kukimbilia.

Kijana wa kompyuta, mpenda tiara, au mtu anayetaka Desemba imwache kwa amani: Paje. Ajifunze Kiswahili cha salamu ndefu, avae vya heshima akipita kijijini, na aizoee kupwa na kujaa.

Ndugu wa ughaibuni anayerudi na mwenzi wa kigeni ndiye mgumu kumshauri, kwa kuwa atakuwa mwenyeji na mgeni kwa wakati mmoja. Mwelekeo wangu ni Diani. Ukoo wote utataka kuja Krismasi, na Diani ndiyo pekee kati ya hizi tatu ambapo mama mkwe kutoka Kisumu na mama mkwe kutoka Hamburg wote wawili watapata mtu wa kuongea naye.

Naye mtu wa bara aliyechoka na jiji, anayetaka kufungua mgahawa mdogo? Watamu ina wateja wenye pesa kwa miezi minne au mitano, halafu masika inaingia, Aprili na Mei, hoteli zinafunga na wewe unabaki na kodi. Paje hali ni hiyo hiyo, na kama si Mtanzania utahitaji kibali cha kazi na cha biashara. Diani ina Pasaka, ina likizo za shule za Agosti, na wikendi ndefu za Nairobi zinazoleta watu hata mvua ikinyesha. Aanzie Ukunda, upande wa juu wa barabara, ambako wafanyakazi wa hoteli wanakula kila siku ya mwaka, na ufuo autumie kwa kuogea.